Fundo la awaji: nilivyozuia nyuzi zisipandane

Kwa uzi mmoja, fundo la awaji, fundo la mapambo la Kijapani, halisumbui. Unakunja kitanzi, unakilaza juu ya mguu wa pili wa uzi, kisha ncha iliyobaki unaisuka ikipishana chini na juu mpaka vitanzi vitatu vikae sawa. Kazi ni pale unapotumia nyuzi tatu au tano kwa pamoja, kama zilivyo kwenye bahasha za zawadi za Kijapani. Zangu zilikuwa zinapandana kwenye kona, na wa ndani unachomoza kama sindano.

Tiba ya kwanza ni kulainisha. Nyuzi hizi, mizuhiki, ni karatasi iliyosokotwa na kukazwa kwa gundi, kwa hiyo ni ngumu na hukunjika vibaya. Sasa nazipitisha kwanza kati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, mara kadhaa, mpaka zianze kujipinda zenyewe.

Ya pili ndiyo iliyomaliza ubishi: kwenye msuko wa mwisho sipitishi nyuzi zote kwa mkupuo. Naanza na uzi wa ndani, naubana kwa kidole, ndipo unafuata wa pili ukilala ubavuni mwake. Kukaza nako ni uzi kwa uzi, kuanzia kitanzi cha katikati kwenda kwenye ncha. Ukivuta ncha mbili tu, fundo linajibana, na kulifungua ni shida. Ndiyo maana Wajapani hulipenda kwa harusi.

Nyuma natia tone la gundi, kisha nakata ncha.