Fritti za Kiroma na bia nne: nilivyozioanisha

Katika pizeria nyingi za Roma, kabla pizza haijafika mezani hutangulia sahani ya fritti, yaani vitu vya kukaanga: ua la mumunye, kipande cha baccalà (samaki wa chumvi), supplì (tonge la wali lenye jibini ndani), na zeituni za Ascoli zilizojazwa nyama. Zote nne zimepita kwenye mafuta yaleyale na zote zina ganda la rangi ya dhahabu, ndiyo maana watu wengi huziagizia laga moja baridi na mambo yakaisha. Laga baridi haiharibu kitu. Ila nilipoanza kuziandaa na bia za viwanda vidogo vya Italia, niligundua kwamba ganda si la kukusumbua sana. Bia huchaguliwa na kilichomo ndani.

Ganda linadai mambo mawili tu: gesi ya kutosha, na bia inayoshuka kooni ikiwa kavu bila kuacha utamu nyuma. Viputo hukwangua mafuta ulimini. Bia yenye gesi kidogo, hata iwe imepikwa kwa ustadi gani, ukiinywa na kitu cha kukaanga ulimi hubaki kama umepakwa nta. Kwa sababu hiyo stauti nzito na bia tamu zote niliziondoa mapema.

Kuna mambo matatu mengine ya ulimi ambayo bila kuyajua utakuwa unabahatisha. Chumvi hupunguza uchungu, kwa hiyo bia iliyoonekana kali peke yake hulainika ukiinywa baada ya kitu kilichonyunyiziwa chumvi. Usiihukumu bia kabla hujaionja pamoja na chakula. Samaki mwenye mafuta akikutana na hopsi nyingi, maua yale yanayoipa bia uchungu, huleta ladha ya chuma, kama umeramba sarafu. Na pilipili huwaka zaidi ikikutana na uchungu na kilevi kingi, kwa hiyo arancini (tonge za wali za Sicilia) zenye 'nduja, ile soseji ya pilipili ya Calabria, sizipi IPA, bia yenye hopsi nyingi na uchungu mkali, hata kwa dawa.

Sahani ya kwanza ni ua la mumunye, fiore di zucca, lililojazwa jibini la mozzarella na kipande cha acciuga, yaani dagaa aliyewekwa kwenye chumvi. Hapo ndipo ladha ya chuma inapokuotea. Ua hili naliandalia blanche, bia ya ngano yenye giligilani na ganda la chungwa, ambayo kwa kawaida uchungu wake hauzidi IBU 20 (IBU ni kipimo cha uchungu wa bia). Isaac ya Baladin, kiwanda cha Piozzo huko Piemonte kilichoanza mwaka 1996, ni mfano mzuri na kilevi chake ni asilimia 5. Harufu ya chungwa hufanya kazi ya limau bila kulowesha ganda.

Baccalà, samaki mweupe wa bahari za kaskazini aliyehifadhiwa kwa chumvi, ndugu wa ng'onda kwa namna ya kutunzwa, ni kisa kingine. Huyu hana mafuta mwilini, kwa hiyo hopsi hazimgombezi. Hapa naleta pils ya Kiitalia, laga ya rangi ya dhahabu. Mtindo huu ulianzia Lurago Marinone, kaskazini mwa Milano, ambako Birrificio Italiano walianza kupika Tipopils mwaka 1996: pils kavu inayoongezewa hopsi wakati bia imeshapoa na inapumzishwa. Matokeo ni harufu ya majani na maua bila ukali wa IPA. Kama ningelazimika kubaki na bia moja kwa sahani nzima, ningebaki na hii.

Supplì ina nyanya, nyama ya kusaga na jibini, na humo ndimo nilimokosea mara nyingi zaidi. IPA inaonekana chaguo la kishujaa, lakini uchachu wa nyanya na hopsi nyingi hukwaruzana, na ladha ya nyama hupotea katikati. Kinachofaa ni ambrata, bia nyekundu ya kimea kilichokaushwa kwa moto zaidi, kilevi asilimia 5.5 hadi 6. Ladha yake ya ukoko wa mkate hukutana na chenga za mkate zilizokaangwa, na ule utamu mdogo wa kimea huituliza nyanya. Hakikisha tu haiachi utamu wa karameli kooni. Ikiacha, supplì ya pili hailiki.

Olive all'ascolana huja mwisho. Zeituni kubwa hukatwa mzunguko ili kokwa itoke, ikajazwa nyama ya ng'ombe, nguruwe na kuku yenye kungumanga, kisha ikavikwa unga, yai na chenga za mkate. Zeituni yenyewe tayari ina uchungu, kwa hiyo bia chungu hukujazia uchungu juu ya uchungu. Saison, bia ya mtindo wa Kibelgiji, ya asilimia 6 hadi 6.5 hufaa: kavu, gesi nyingi, na hamira yake huacha harufu ya pilipili manga inayoitikia kungumanga. Naiweka mwisho kwa sababu chumvi yake na nyama ile vikitangulia, ua la mumunye halitasikika tena.

Hesabu ya watu sita: mililita 150 za kila bia kwa kila mtu ni mililita 900. Chupa tatu za mililita 330 ni 990, na ile 90 inayozidi si ya kumiminwa, ni mililita 30 za mashapo katika kila chupa. Sheria ya Italia ya mwaka 2016 inataka bia iitwayo artigianale isipitishwe kwenye joto la kuua vijidudu wala kwenye kichujio chenye matundu madogo sana, na kiwanda chake kiwe huru na kisizidi hektolita 200,000 kwa mwaka. Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba hamira mara nyingi bado imo chupani. Chupa zikae kwenye friji zikiwa zimesimama, angalau siku nzima. Ukizilaza, mashapo huchafuka na pils hugeuka rangi ya maji ya mchele. Blanche peke yake ndiyo naitikisa taratibu mwishoni, maana ukungu ni sehemu yake.

Pils na blanche nazitoa zikiwa na nyuzi joto 5 hadi 7, saison 8 hadi 10, ambrata 10 hadi 12. Ambrata ikiwa baridi kama pils, kimea hunyamaza.

Sasa mafuta. Natumia lita 3 za mafuta ya karanga kwenye sufuria ndefu, joto 175, na kipimajoto hakitoki humo. Supplì si zaidi ya tano kwa awamu. Joto likishuka hadi 150, ganda halijifungi haraka na mafuta hupenya ndani. Fritto ya namna hiyo hakuna bia itakayoiokoa. Subiri joto lirudi kabla ya awamu inayofuata, hata wageni wakikukodolea macho.

Rojo la maua na baccalà: gramu 150 za unga wa ngano laini, gramu 50 za unga wa mchele, mililita 250 za pils iliyotoka friji muda huohuo. Koroga kwa uma sekunde 15, acha mabonge madogo, tumia ndani ya dakika 10. Ukikoroga sana unga huvutika na ganda huwa kama mpira. Ukichelewa gesi hutoroka na ganda huwa zito. Bia chungu sana usiitie kwenye rojo: maji hukauka, uchungu hubaki. Hiyo ndiyo sababu pils nanunua chupa nne badala ya tatu.

Unyevu ndio mharibifu mkuu. Mozzarella naikata vijiti na kuiacha kwenye chujio ndani ya friji usiku kucha, gramu 15 kwa kila ua. Isipochujwa, mvuke hupasua ganda na jibini humwagika kwenye mafuta. Baccalà hulowekwa saa 48 kwenye friji, maji yakibadilishwa kila baada ya saa 8, kisha hukatwa vipande vya sentimita 10 kwa 4 na kukaushwa kwa kitambaa. Ikibaki na chumvi nyingi, pils huonekana kama maji.

Kwa supplì 12, pika gramu 300 za mchele wa Arborio au Carnaroli kwenye mchuzi wa nyanya wenye gramu 150 za nyama ya kusaga na maini kidogo ya kuku, ukiongeza supu kidogo kidogo. Epua ukiwa bado na kiini kigumu, tia gramu 50 za pecorino (jibini la maziwa ya kondoo), tandaza kwenye sinia na uache upoe kabisa. Finyanga vipande vya gramu 75, kijiti cha mozzarella katikati, chovya kwenye uji mwepesi wa unga na maji, viringisha kwenye chenga laini. Dakika 4 hadi 5 zinatosha. Zikae dakika 2 kabla ya kuliwa. Ulimi ulioungua hauonji bia. Ukiivunja na jibini likavutika kama waya kati ya nusu mbili, hiyo ndiyo supplì al telefono.

Chumvi hunyunyizwa baada ya kuepua. Zipange kwenye wavu wa waya, usizirundike wala kuzifunika, la sivyo mvuke utalainisha ganda.

Glasi nazo zina lake. Mafuta kidogo tu huua povu, na midomo ya walaji tayari ina mafuta. Osha glasi kwa sponji isiyogusa sufuria, suuza sana, ziache zikauke zenyewe. Ukitaka kupima, lowesha glasi na unyunyize chumvi ndani: ikishika sawasawa kote, ni safi. Kila bia na glasi yake, na kitambaa cha mdomo kwa kila mtu.

Artichoki za Kiyahudi za Roma, carciofi alla giudia, siziingizi kwenye mpango huu. Zina kitu kiitwacho sinarini kinachofanya kinywaji kinachofuata kionekane kitamu, hata maji. Ambrata hugeuka sharubati. Ukizitaka, ziache zije peke yake na uzipe pils chungu kuliko zote ulizonazo. Panelle za Palermo, vipande vya unga wa dengu uliopikwa, ukagandishwa, ukakaangwa, shangazi wa mbali wa bagia zetu, hazina kiini chochote, kwa hiyo hapo ganda ndilo linaloamua: pils, na limau pembeni.

Supplì zikibaki, zirudishe kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa dakika 10 hadi 12. Maua yaliyobaki hayarudishiki, yale palepale.