Agogo na mpini wa pampu

Kila nikikaa kuandika habari za Malawi najikuta kwa Agogo, basi nianze naye. Agogo kwa Kichewa ni bibi, na ndivyo kijiji kizima kilivyomwita mwenyekiti wa kamati ya maji. Mwembamba, sauti ya chini, kitenge kimefungwa juu ya matiti. Sijawahi kuona kisima kikilindwa vile.

Tuliondoka Kyela wiki moja baada ya Pasaka ya 2023, watu kumi na mmoja wa usharika mmoja, Coaster ya kukodi na Fuso ya mizigo nyuma. Tukavuka Kasumulu, tukapita Karonga, Mzuzu, Lilongwe, hadi Phalombe chini ya mlima Mulanje. Karonga hatukuhitaji mkalimani, kwa sababu lugha ya Wangonde na Kinyakyusa chetu ni ndugu wa damu. Kule kusini alitusaidia kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi Tunduma. Ila madzi, mvula, njala, nyumba, hayo nani wa kututafsiria?

Kimbunga Freddy kilikuwa kimepita katikati ya Machi. Kilizaliwa karibu na Australia mwanzoni mwa Februari, kikavuka Bahari ya Hindi yote, kikapiga Madagaska na Msumbiji, kikarudi baharini, kikaja kupiga tena. Malawi peke yake waliokufa na waliopotea walipita 1,000. Na kipindupindu kilikuwa nchini tangu mwaka uliotangulia, kimeshaua watu zaidi ya 1,700. Kwa hiyo kisima kilichoingia tope pale hakikuwa jambo la kusubiri.

Fuso ilibeba unga, sabuni na mitumba. Unga na sabuni viliisha siku hiyohiyo. Mitumba mingi ilikuwa masweta mazito na viatu vya ofisini, na iliniuma kuona akina mama wakiyapokea kwa heshima huku macho yao yakitafuta ndoo. Nimewaambia wenzangu na narudia hapa: safari ijayo tupige simu kwanza, tuulize.

Mimi ni fundi wa pampu za mkono. Begi langu lilikuwa na vipuri vya Afridev, pampu ileile tunayotumia kwetu. Ilifanyiwa majaribio Malawi na Kenya miaka ya 1980, ikatengenezwa kusudi watu wa kijijini waifungue wenyewe kwa spana moja. Tulivuta fito kumi. Kabla sijasema neno, wanawake wawili wa kamati walikuwa wameshika kila ufito unaotoka, wanaufuta kwa kitenge, wanaulaza juu ya majani usiguse udongo. Mpira wa pistoni ulikuwa umeliwa na mchanga mpaka kingo zimekuwa kama zimetafunwa na panya. Nikaweka mpya. Tukasukuma kwa zamu, maji yakatoka kama uji wa ulezi, kisha kama chai ya maziwa, kisha meupe.

"Madzi abwera!" Watoto walipiga kelele, ndoo zikaja mbio.

Hapo ndipo pagumu. Maji yale yalikuwa bado hayafai. Ilibidi tumwage klorini na kisima kilale bila kuguswa hadi asubuhi. Unamwambiaje mtu aliyekunywa maji ya mto mwezi mzima asubiri usiku mmoja zaidi, na maji anayaona?

Agogo hakuhutubia. Aliomba spana, akafungua mpini mwenyewe, akaondoka nao. Usiku aliuweka chini ya mkeka wake, akalala juu yake. Alfajiri nilimwona anakuja ameubeba begani kama jembe. Tulisukuma mpaka harufu ya klorini ikapungua, ndipo akaita ndoo ya kwanza, ya mama mwenye mtoto mgongoni.

Baadaye, tumekaa kivulini, alinisimulia mafuriko ya 1991, mlima uliposhusha mawe hapohapo Phalombe. Wazee wao husema ni Napolo, nyoka mkubwa wa mlimani, anapohama. Alihesabu kwa vidole aliowazika mwaka ule, akanyamaza, akaanza kuhesabu wa mwaka huu. Vidole havikutosha.

Siku ya kuondoka nilimkabidhi mipira yote iliyobaki, mitano. Akaniuliza kupitia yule kijana: "Na kwenu mmebaki na mingapi?"

Nikamwambia ukweli, hatukubaki na hata mmoja.

Akanishika mkono, akanirudishia miwili, akavikunja vidole vyangu juu yake.