Ziwa, namba moja na daftari la binamu yangu

Nyanya yangu alikuwa akisema ziwa "lilikuja kukaa". Alikulia Nyakach, na mvua za 1961 alizijua kwa macho yake: shamba la mtama la baba yake lilikuwa kando ya maji, kisha likawa ndani ya maji. Mvua yenyewe ikaisha. Maji hayakurudi. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, na miongo ikapita likiwa bado juu.

Naandika tasnifu yangu ya uzamili nyuma ya dirisha la kibanda changu cha M-Pesa hapa Kondele, Kisumu, na kila nikijaribu kumweleza mteja ninachosoma, narudi kwa ziwa la nyanya. Uchumi ukipata pigo na watu wakapoteza kazi, ukosefu wa kazi hushuka tena upesi, au huja kukaa?

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Unatazama kiwango cha mwaka huu kimebeba kiasi gani cha mwaka jana. Tuseme nchi huwa na asilimia 6 ya wasio na kazi, ikapigwa ikafika 10. Imezidi kwa 4. Kama kila mwaka hubaki nusu ya ile ziada, mwakani ni 2, halafu 1, halafu watu wamesahau. Kama hubaki 0.9 yake, ni 3.6, kisha 3.24, na itachukua miaka sita na nusu hivi kabla ziada haijafika nusu. Ikiwa ni 1 kamili, haishuki ng'o. Wanatakwimu Dickey na Fuller walituachia mtihani mwaka 1979 wa kuuliza jambo hilo moja tu: ni 1, au iko chini ya 1? Utadhani ni swali jepesi. Ukiwa na takwimu za miaka 30 tu, 0.95 na 1 ni mapacha waliosimama gizani.

Tazama Marekani: Aprili 2020 ilifika asilimia 14.7, na Desemba 2021 ilikuwa 3.9. Sasa tazama Hispania: 2013 ilikuwa karibu 26, na miaka 10 baadaye bado ilikuwa ikicheza kwenye 12. Wanauchumi Blanchard na Summers waliliandikia jambo hili mwaka 1986, wakiangalia Ulaya, wakaliita histeresisi: pigo limepita, athari yake imebaki. Wenye kazi hujipangia mishahara yao bila kumfikiria aliye nje ya geti, na aliye nje akikaa sana ujuzi wake unachakaa, waajiri wanaanza kumtilia shaka. Hapo nilikuwa nikitikisa kichwa peke yangu kibandani. Nilimaliza digrii nikakaa nyumbani miaka mitatu, na kila mahojiano swali lilikuwa lilelile: "Huu muda wote ulikuwa unafanya nini?"

Basi nikachukua takwimu za Kenya kutoka Benki ya Dunia, za kila mwaka tangu 1991, nikazipiga hesabu ileile. Namba ikatoka imeikaribia 1 kabisa. Nilifurahi kama mtu aliyepata samaki mkubwa. Nikaandika kurasa 14.

Msimamizi wangu alizirudisha na mstari mmoja wa kalamu nyekundu: "Hizi zilipimwa, au zilikadiriwa?"

Zilikadiriwa. Imeandikwa wazi kwenye maelezo. Mimi ndiye sikusoma. Kenya ilikuwa na utafiti wa nguvukazi wa 1998/99, halafu ule wa kaya wa 2005/06, halafu 2015/16. Ripoti za kila robo mwaka zilianza juzi tu, 2019. Miaka ya katikati Shirika la Kazi Duniani (ILO) huijaza kwa modeli, na modeli huchora mstari laini kama barabara mpya. Mstari laini lazima ufanane na jana yake. Nilichokuwa nimepima ni ung'ang'anizi wa modeli, si wa watu wa Kondele.

Na hata tungekuwa na vipimo vya kila mwezi, kuna binamu yangu. Yeye ni hamali pale soko la Kibuye. Kwa kanuni ya ILO, aliyefanya kazi ya malipo hata saa moja katika siku 7 hahesabiwi kuwa hana kazi. Tena kiwango cha nchi kinaweza kusimama palepale huku watu wakipokezana, au kikasimama kwa sababu ni walewale wamekwama. Namba yangu haitofautishi hayo mawili.

Kwa hiyo nilimpa binamu daftari la shule. Mwandiko wake umelala kama nyasi zilizopigwa na upepo:

"Jumatatu: magunia mawili ya omena, 100. Jumanne: hakuna. Jumatano: hakuna. Alhamisi: mjengo Mamboleo, nusu siku, tajiri amesema kesho. Ijumaa: tajiri hakuja."

Wiki ya pili yote ni "hakuna", saba zimepangana kama matofali. Aliponiletea Jumapili jioni alisema, "Dada, hata hii ya kuandika ina kazi yake." Nikaona haya, nikamtolea 200 kutoka kwenye droo. Alipokwisha kuondoka ndipo nilipokumbuka: nimemlipa, ndani ya zile siku 7. Wiki yenyewe nimeshaiharibu.