Jicho la bodaboda wa Dodoma

Chora duara la sentimeta 6 liwe kichwa cha mhusika wa katuni, weka macho mawili ya mviringo, na mboni katikati ya kila jicho. Umepata mtu, lakini ni mtu yeyote: mgambo, muuza zabibu, mama ntilie wa Majengo. Wengi wakifika hapo hukimbilia kuongeza kofia na ndevu. Kofia ikivuliwa, mhusika kapotea.

Tumchukue bodaboda wa Dodoma. Kutwa yuko juani, na kiangazi upepo unamrushia vumbi usoni. Macho yake hayawezi kuwa duara kama zabibu. Anza na umbo la yai lililolazwa, upana milimita 14, kimo 9. Kope ya juu ishuke mpaka ifunike theluthi ya jicho, na mstari wake uwe mnene mara mbili ya ule wa chini. Mboni ya milimita 4 isielee katikati. Ichomeke chini ya kope ya juu, kichwa chake kifichwe kidogo. Kope ya chini ipande upande wa nje, kisha mikunjo miwili mifupi penye kona. Basi. Hata bila helmeti utamjua.

Ukiinua kope mpaka weupe uonekane juu na chini ya mboni, ameshtuka. Hilo liwekee akiba mpaka siku trafiki anampungia mkono. Anayechora macho ya kutumbua tangu picha ya kwanza, hofu halisi ikija hana cha kuongeza.

Nafasi kati ya macho kwa kawaida ni upana wa jicho moja. Yakibanana zaidi, jamaa anaonekana anakupigia hesabu ya nauli. Yakiachana, amezubaa kama samaki. Ukiyashusha chini ya nusu ya kichwa, paji linakua na mhusika anakuwa mtoto, upende usipende.

Mboni ndiyo inayosema anatazama wapi. Mickey Mouse wa mwaka 1928 alikuwa na macho meusi matupu. Weupe wenye mboni ndani yake aliupata mwishoni mwa miaka ya 1930, na tangu hapo ikawa rahisi kumfanya atupe jicho pembeni. Ukitaka mhusika amtazame msomaji, sogeza kila mboni milimita 1 kuelekea puani. Zikikaa katikati kabisa, anatazama kitu kilicho nyuma yako.

Wanaochora kwenye simu wana ugonjwa wao: kuchora jicho moja, kulinakili, kisha kuligeuza. Doa jeupe la mwanga nalo linageuka, jicho moja linaangazwa kutoka kulia, jingine kutoka kushoto, kana kwamba Dodoma ina jua mbili. Futa doa kabla ya kunakili, kisha liweke upya kwa mkono, upande uleule kwa macho yote mawili.