Farasi Huwekwa Tayari

Bwana asifiwe wapendwa, tafakari imechelewa kidogo, jana nilikuwa zamu ya usiku mnisamehe. Neno letu wiki hii ni Mithali 21:31, farasi huwekwa tayari kwa siku ya vita, lakini Bwana ndiye aletaye wokovu.

Huku Texas kuna binti tunasali naye, yuko chuo mwaka wa pili, na tangu ana miaka minne ndoto yake ni rodeo tu, yale mashindano ya wapanda farasi na mafahali. Na sio ashindane hapa kwao basi, anataka azunguke nchi nzima na farasi wake. Mi mwanzoni nilicheka moyoni, nilijua rodeo ni wale wanaume wanaorushwa na mafahali. Kumbe yeye ni mbio za mapipa. Yanapangwa matatu kwa pembe tatu, unaingia shoti juu ya farasi, unazunguka kila moja, unatoka, uwanja wa kipimo kamili wale wazuri wanatumia sekunde kama 17 hivi. Ukiangusha pipa unaongezewa sekunde 5, yaani ushakwisha, maana wanaachana kwa vipande vya sekunde.

Siku moja nikaomba nikaone anavyojiandaa, akaniambia njoo bandani saa kumi na moja alfajiri. Weee! Kabla ya darasa ni maji, nyasi kavu, kuzoa kinyesi, kusafisha kwato moja moja, halafu anapapasa miguu yote minne maana mguu ukiwa na joto ujue kuna kitu. Na siku nyingi mapipa hata hayagusi, anamtembeza tu, anasema farasi ukimkimbiza mapipa kila siku anachukia, mwishowe anagoma hata kuingia getini. Wikendi anavuta trela usiku kucha, kiingilio analipa mwenyewe na asiposhika nafasi harudishiwi kitu, mafuta juu yake, Jumatatu yuko darasani anasinzia.

Fainali za vyuo ni Casper, Wyoming, kila Juni, ukiacha timu wanaenda watatu bora wa kila mchezo kutoka kila kanda. Zile kubwa za kulipwa za Las Vegas Desemba ndio kabisa, kila mchezo ni 15 tu waliovuna hela nyingi mwaka mzima. Hesabu zote hizo anazijua.

Sasa wapendwa, sisi huo mstari tunaupenda kuanzia kwenye lakini. Bwana ndiye, Bwana ndiye, tunalala. Ila angalieni hilo neno huwekwa, farasi hakujiweka tayari mwenyewe, kuna mtu aliamka akampa maji na hata jina lake halikuandikwa. Mi nimeokoka miaka mingi na sijawahi kumfikiria huyo mtu mpaka niliposimama kwenye lile banda nanuka mavi ya farasi.

Halafu kuna upande wa pili, ambao kusema kweli ulinisumbua. Mwezi uliopita kila kitu alifanya sawasawa, mapipa mawili safi kabisa, la tatu akaligusa kwa goti likayumbaaa likaanguka. Mi nilimkasirikia Mungu, maana nilikuwa nimefunga kwa ajili yake (nusu siku lakini ni kufunga). Yeye alishuka, hata kibao cha muda hakukiangalia, akainama kupapasa miguu ya farasi. Nikamuuliza baadaye, hivi wewe huwa unaomba ushinde? Akasema huwa naomba turudi wote wawili wazima. Nikanyamaza, nikakumbuka maombi yangu mimi yalivyo na orodha.

Ijumaa anaondoka tena, masaa nane barabarani, yeye na farasi tu. Alhamisi kwenye maombi tumtaje, na farasi naye tumtaje, msinicheke.