Neno dogo "huyu"

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo la wiki hii ni Luka 18:9–14, Farisayo, mshika Torati mkali, na mtoza ushuru, aliyedharauliwa kama mwenye dhambi, waliopanda hekaluni kusali. Tumelisikia tangu shule ya Jumapili, na pengine ndiyo shida yake. Kila tukilisoma tunajipanga mapema upande wa mtoza ushuru, halafu kimoyomoyo tunamshukuru Mungu kwamba sisi si kama yule Farisayo.

Tumtendee haki kwanza. Hakusema uongo. Torati iliwataka Waisraeli kuzitesa nafsi zao siku moja tu kwa mwaka, Siku ya Upatanisho (Walawi 16), naye alifunga mara mbili kwa juma. Zaka alitoa katika mapato yake yote. Mtu wa namna hiyo angehamia usharika wetu leo, kesho angekuwa mzee wa kanisa, na uhazini tungemwongezea. Hata sala yake inaanza kwa kushukuru. Inaharibika anapofika hapa: "wala kama huyu mtoza ushuru." Amesimama mbele za Mungu, jicho liko kwa jirani.

Lifuatilieni hilo "huyu" ndani ya Luka. Kaka mkubwa wa mwana mpotevu hawezi kutamka "ndugu yangu". Anamwambia baba "huyu mwana wako". Baba anamrudishia taratibu: "huyu ndugu yako" (15:30–32). Simoni Farisayo, mwenye chakula, anawaza kwamba Yesu angekuwa nabii angejua mwanamke huyu ni wa namna gani. Yesu anamgeukia mwanamke, lakini anamuuliza Simoni: "Wamwona mwanamke huyu?" (7:44). Nani asiyemwona, naye analia miguuni pa Yesu na kuipaka marhamu? Ila Simoni alikuwa ameona dhambi tu. Kisha tukirudi hekaluni, Yesu anahukumu: "huyu alishuka kwenda nyumbani kwake amehesabiwa haki kuliko yule." Aliyesimama mbali amekuwa "huyu". Farisayo ndiye sasa "yule".

Sala ya mtoza ushuru ni fupi: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Kwetu "niwie radhi" tunaisema hata tukimkanyaga mtu kwenye daladala. Kigiriki cha Luka ni kizito zaidi: neno lililotumika ni la ukoo mmoja na jina la kiti cha rehema, pale kuhani mkuu aliponyunyiza damu ya upatanisho. Anaomba afanyiwe asichoweza kujifanyia.

Je, moyo kama huo hubadilika kweli, au unalia Jumapili na kurudi kazini Jumatatu vilevile? Habari za huyu wa hekaluni zinaishia mlangoni kwake. Lakini sura inayofuata Luka anatuletea mtoza ushuru mwingine, Zakayo wa Yeriko, anayesimama mwenyewe na kuahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemnyang'anya. Torati ilimtaka anayeungama arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:7). Mara nne hakuambiwa na mtu, wala Yesu hakuwa amemhubiria. Alikuwa amemwambia tu ashuke mtini, kwani leo anashinda nyumbani mwake.

Nami niseme langu. Jumapili nilichelewa, nikakaa benchi la nyuma. Akaingia mzee mmoja wa mtaani kwetu, ananuka pombe ya jana, akaketi kando yangu. Nikasogea. Moyoni nikasema, "Hata huyu?" Tulikuwa tumefika kwenye sala ya toba, nami nilikuwa naitamka kwa sauti, bila kukosea neno.

Aliomba nini yeye, sijui. Alitoka kabla ya matangazo. Tumekaa mtaa mmoja miaka tisa na jina lake nilikuwa silijui. Jana nimemuuliza mama wa genge.