Nilivyoipatanisha stili yangu na piano

Miaka minne nilipakia mizigo ghalani usiku, hapa Nashville, Marekani, na mchana nikawa nakaa mbele ya pedali stili. Ni gitaa linalolala kama meza ndogo: nyuzi kumi, pedali tatu za mguu wa kushoto, wenzo zinazosukumwa kwa magoti, na pedali ya sauti chini ya mguu wa kulia. Mkono wa kushoto hauminyi uzi, unatelezesha kipande cha chuma juu yake. Nilikulia Nakuru nikisikiliza muziki wa kantri kwenye redio ya baba, na ule mlio wa stili kama kilio nikaupenda kabla sijajua kwamba unatoka mguuni. Mpiga stili Bud Isaacs alikanyaga pedali huku noti ikiendelea kulia, kwenye wimbo wa mwimbaji Webb Pierce uliotoka mwaka 1954, na tangu hapo wapiga stili tumeufuata mlio huo.

Vidole havikunisumbua sana. Wala karatasi za studio, ambazo kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, huandikwa kwa namba, 1, 4, 5, ili mwimbaji akitaka wimbo ushushwe sauti msiandike upya. Kilichonikwamisha ni kutyuni, yaani kukaza na kulegeza nyuzi mpaka noti zipatane.

Nyumbani nilizoea kuzilegeza kidogo nyuzi za noti ya G#, ya tatu na ya sita, mpaka kodi ya E itulie kabisa, isitikisike hata chembe. Ukiwa peke yako ni asali. Siku ya kwanza kuitwa studio, nikakuta piano. Piano haishuki kukufuata: G# yake iko juu kidogo, na imeganda hapo. Kwenye hedifoni nikasikia noti zetu zinagongana. Nikadhani mkono umeteleza, nikaanza kusogeza chuma, nikaziharibu hata nyuzi zilizokuwa sawa. Wimbo ule ulitoka bila stili. Niliumia sana.

Mzee mmoja aliyepiga stili maisha yake yote ndiye aliyenielewesha. Akanikalisha na kinanda, akaniambia nipandishe G# nusu ya njia tu, kati ya utamu wangu na ukali wa piano. Kisha akanionyesha jambo ambalo sikuwahi kulisikia: ukikanyaga pamoja pedali mbili kati ya zile tatu, zinazoitwa A na B, mwili wa gitaa unajikunja kidogo kwa mvuto, na nyuzi za E zinashuka sauti. Kwa hiyo usityuni tu wakati hujakanyaga pedali. Noti zinazopandishwa na pedali zina skrubu zake pembeni, na kila moja nilibidi niisikilize pamoja na kinanda, jioni baada ya jioni, kwa miezi mitatu hivi.

La mwisho lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu linataka kujinyima. Piano ikishika G#, mimi siigusi. Napiga uzi wa 4 na wa 5, E na B, basi, na mguu wa kulia unaileta sauti taratibu mwimbaji akishavuta pumzi.

Nilipoitwa tena tulirekodi nyimbo nne kwa saa tatu. Prodyuza hakunisimamisha hata mara moja. Nikiwa nakunja miguu ya gitaa akaja kuniuliza kama nina nafasi Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Nikatoka nje kupiga simu ghalani, kuomba zamu yangu ibadilishwe.